Vikombe vya Wageni na Skonzi Zisizo na Chumvi

Usiku wa jana niliota, na naomba ieleweke mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nilikuwa karani katika kiwanda cha chai mpaka nikastaafu, na karani haoti. Karani akilala, amelala.

Lakini niliota. Niko sebuleni kwangu hapa Njombe, asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ile ambayo ukichungulia nje unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu na jirani anasalimia huku moshi unamtoka mdomoni. Nimekaa kwenye kochi langu, nimejifunika blanketi mpaka kidevuni. Kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, vikombe vya wageni vinagonga.

Vinagonga kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba yuko nyumbani kwa watu.

"Nani?" nikauliza.

"Sisi," vikasema.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana asiyelijua ataona ndoto yangu ni upuuzi mtupu. Nyumbani kwetu, tangu enzi za marehemu baba, mgeni hupimwa kwa kitafunwa. Mchungaji akija, chai yake hufuatana na keki. Mwalimu mkuu hupewa biskuti. Jirani hupewa kiazi cha kuchemsha, na akiwa jirani wa upande wa bondeni, kiazi cha jana. Mgeni tusiyemtaka tunampa chai kavu: kikombe, chai ndani yake, pembeni hakuna kitu. Hatumfukuzi wala hatumtukani. Anakunywa, anaelewa, anaondoka. Mtaa mzima unaijua chai kavu ya kwa Mwalongo.

Na asubuhi ya leo, hii ya kweli, nilikuwa nategemea wageni wa namna hiyo. Kijana mmoja, Osmundi Mligo, alikuwa anakuja na mshenga wake na shangazi yake kumposa binti yangu Lustika. Osmundi anaoka skonzi sokoni. Ana tanuri la matofali nyuma ya maduka ya mbolea, na ukimkuta asubuhi amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Mimi niliyeitumikia chai maisha yangu yote, nimwoze binti yangu kwa mtu wa unga? Isitoshe, skonzi zake hazina chumvi. Nimelisema hilo kwa kinyozi, nimelisema nje ya kanisa, na nimelisema msibani wakati wengine wanalia. Sijawahi kuzionja, lakini mtu hahitaji kula kitu ndipo ajue kasoro yake.

Kwa hiyo jana jioni nilimwambia mke wangu, "Kesho ni chai kavu."

Akanitazama. "Hata skonzi mojamoja, Baba Lustika?"

Nikamweleza kwamba skonzi zote za mji huu zinatoka kwa huyohuyo kijana, na mimi siwezi kumkaribisha mtu kwa bidhaa yake mwenyewe. Nikafunga kabati la vyombo, ufunguo nikauvaa shingoni kama kawaida yangu, nikaenda kulala.

Basi, turudi kwenye vikombe.

Kikubwa chao, chenye mstari wa dhahabu mdomoni, kinasogea mpaka kwenye kioo na kunikagua.

"Samahani, mzee," kinasema. "Mwenye nyumba yupo?"

"Mwenye nyumba ni mimi."

Vikombe vikanong'onezana. "Hatukufahamu," kikasema kile cha dhahabu. "Hujawahi kunywa kwetu hata siku moja."

"Ninyi ni vya wageni."

"Hilo tumelisikia. Hao wageni wanakuja lini?"

Nikataja mchungaji. Kikasema mchungaji alikuja kweli, ila nilimkodolea macho mpaka akanywa amekishika kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo akija anaomba maji.

"Tunaganda humu ndani," kikasema. "Kazi yetu ni kuangalia televisheni kupitia kioo. Leo tumesikia kuna posa. Tunataka kutoka."

"Mtatoka. Mtawekewa chai kavu."

Kisha kisahani kimoja, ambacho siku zote nilidhani hakina la kusema, kikauliza, "Mzee, mimi nilitengenezwa kwa kazi gani?"

"Kubeba kikombe."

"Kikombe kinasimama chenyewe, hata mezani. Hapa pembeni palipobaki pana kazi gani?"

Sijawahi kushindwa hoja na kisahani na sikutaka kuanza ukubwani, kwa hiyo nikasema suala hilo litajadiliwa.

"Tumeshalijadili," vikasema vyote. "Chai ni lazima ipate mwenzake leo, na haiwezi kwenda kujiposea. Wewe ndiye mshenga wake. Nenda kabla haijapoa."

Ufunguo ukanitoka shingoni, ukafungua kabati, ukarudi shingoni. Kikombe cha dhahabu kikawa mikononi mwangu, kimejaa chai ya maziwa yenye tangawizi, na mvuke unapanda. Nilikishika kwa mikono miwili. Nilimwelewa mchungaji.

Mlangoni nakuta kifuko cha chai, kirefu kama mimi, kimevaa uzi shingoni na kikaratasi kifuani. Nikakitambua palepale. Hiki kilizaliwa hapahapa, kwenye shamba lililo nyuma ya zahanati. Kilichumwa kikiwa jani changa, na kwa kuwa kilikuwa kizuri, hakikubaki. Kilipakiwa kwenye lori kikaenda zake nje, na sisi tuliokichuma tukabaki na vumbi lake, tunalichemsha sana ili lijione nalo ni chai.

"Umerudi," nikasema.

"Napita tu," kikajibu, sauti inatokea puani. "Nasikia mnahangaika na kitafunwa. Watu wenye ustaarabu wanajua kila chai ina mwenzake. Chai ya rangi yenye limau hukaa na keki. Ya iliki hukaa na mkate wa kumimina, na hiyo usiitie sukari, sukari iko kwenye mkate. Lakini chai ya maziwa yenye tangawizi, hasa wakati wa baridi, inataka kitu cha kuokwa kisicho na makuu, chenye tumbo la kufyonza. Inataka skonzi."

"Haya ndiyo uliyojifunza Ulaya?"

"Hapana. Haya nilimsikia mkeo akimwambia jirani yake, nikiwa bado jani."

Nikakipita bila kukiaga. Nikafungua mlango ili nitokee uani kwangu, nikatokea sokoni.

Soko lote limelala chini ya barafu. Nyanya zimevaa kofia za sufu. Nyuma ya maduka ya mbolea, Tanuri limeketi kwenye kiti cha enzi, mdomo wazi, ndani moto mwekundu, na kuanzia pale lilipo joto linawafikia wale tu liliowakaribisha. Mimi halinifikii. Nimevaa pajama.

Langoni kuna mkate wa juzi, umekauka vizuri, umevaa sare ya mlinzi.

"Kitafunwa chako?" unauliza.

"Mimi ni mtu."

"Mtu wa kitafunwa gani?"

"Mimi ni mshenga. Nimekuja kuposa."

"Utaratibu wetu ni kwamba mgeni hupimwa kwa kitafunwa," ukasema mkate, na kuniburuta mpaka kwenye mizani ya bucha. Upande mmoja wakanikalisha mimi na kikombe changu. Upande wa pili wakaweka chembe ya mkate, ile inayobaki kwenye kitambaa cha meza ukishakula.

Chembe ikashuka. Mimi nikapanda juu, nikaning'inia na pajama zangu, soko zima linanitazama.

"Mizani hii mbovu," nikasema. "Sheria hii mmeitoa wapi?"

"Kwa Mwalongo," ukasema mkate.

Wakanishusha, wakaniletea kikombe cha plastiki. Chai ndani yake, pembeni hakuna kitu. Nikainywa. Mimi ni mtu wa kanuni, na kanuni inasema mgeni akishaelewa huondoka. Nilielewa kabisa. Tatizo miguu yangu ilikuwa imegandana na barafu, na hata nilipojitahidi kukasirika haikung'oka.

"Nimesikia habari zako," likasema Tanuri, na kila likisema cheche zinaruka. "Wewe ndiye unayetangaza mpaka msibani kwamba binti zangu hawana chumvi."

"Ndiye mimi."

"Ulimwonja yupi?"

Nikatazama nyanya. Nyanya zikatazama pembeni.

"Na hiyo chai uliyobeba ni ya ukoo gani?"

Hapo nilipata nguvu. Nikaeleza ukoo wa chai tangu kitaluni, nikaeleza milima yetu, ukungu wetu, udongo wetu mwekundu, nikaeleza mimi mwenyewe nilivyokaa kiwandani na kalamu mfukoni. Nilihutubia kwa muda mrefu. Nadhani nilihutubia vizuri. Nilipofika kwenye habari za kuagwa kwangu na ngao niliyopewa, nikasikia sauti kutoka mikononi mwangu.

"Baba, napoa."

Nikatazama chini. Mvuke ulikuwa umeisha. Juu ya chai, utando wa maziwa unaanza kujikunja, na chini ya utando huo anasema Lustika. Si sauti inayofanana na yake. Ni yeye, binti yangu, yuleyule anayenipigia pasi suruali za kanisani na kuniuliza kama nimemeza dawa ya presha.

"Lustika? Unafanya nini humo?"

"Nakusubiri umalize hotuba."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku nilipolazwa. Mtu aliyewahi kuishi na chai anajua kwamba chai iliyopoa huwezi kuirudisha. Ukiichemsha tena inakuwa kitu kingine, kinachonuka sufuria, kinamwagiwa kuku. Nikaikumbatia kifuani, nikaipulizia, kisha nikakumbuka kwamba kupulizia ndiko kunakopoza, nikaacha.

"Nipeni skonzi!" nikapiga kelele. "Yoyote!"

"Sasa ni yoyote," likasema Tanuri. "Kwanza walikuwa hawana chumvi."

Hata hivyo likafungua mdomo zaidi, na skonzi moja ikatoka ndani, inatembea bila haraka. Ilikuwa ya mviringo, mgongo wa kahawia unang'aa, na joto lake likanifikia kabla yake. Nyusi zake zilikuwa na unga. Ikasimama mbele yangu na kunisalimia, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Umekuja kuniposea nani?"

"Chai hii hapa."

"Yenyewe inasemaje?"

"Chai haiulizwi. Chai inamiminwa."

Skonzi haikukasirika. Ingekasirika ningeweza kuijibu. Ilinitazama tu, kama watu wanavyomtazama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. "Tafadhali iulize," ikasema. "Sisi kwetu hatuingii mahali bila kuulizana."

Utando ulikuwa umekaribia kufunga kikombe chote. Nikainamisha mdomo karibu na maziwa na kusema, kwa sauti ndogo ili mkate ule wa juzi usisikie, "Lustika, mwanangu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Chini ya utando chai ikasema, kwa mbali, "Leo ndiyo unaniuliza, Baba?"

Nikakisogeza kikombe karibu na skonzi.

"Nichovye," ikasema skonzi.

Sasa, kuchovya kwangu ni marufuku. Watoto wangu wote wamekua wanajua kwamba kitafunwa kinatafunwa na chai inanywewa, na anayechovya anahamishiwa jikoni. Nimewahi kumhamisha diwani. Soko lote likasogea kuangalia. Nyanya zilivua kofia. Hata kile kifuko cha chai kilikuwa kimefika, kimejifunga uzi wake kama skafu, kinasubiri nijiaibishe ili kikahadithie Ulaya.

Nikachovya.

Utando ukapasuka. Mvuke ukapanda tena, mwingi, ukanipiga usoni, harufu ya tangawizi na mkate wa moto. Barafu ikaniachia mguu mmoja. Nilimsikia Lustika anacheka ndani ya kikombe, kicheko alichokuwa nacho utotoni na ambacho sijui alikiacha lini. Nikataka kuinua skonzi nile, nipate ushahidi wangu wa habari ya chumvi mara moja na kwa wote.

Lakini nilikuwa nimechovya muda mrefu kama mtu asiye na uzoefu. Kipande kilichonyonya kikalegea, kikakatika, kikadondoka. Nikakiona kinazama chini taratibu. Nikaingiza kidole kukifuata, kikombe kikawa kirefu kama kisima, nikaingiza mkono mzima mpaka begani, na Tanuri likawa linasema, "Huyo ndiye aliyekuwa anahamisha watu jikoni," na

Nikaamka.

Blanketi lilikuwa limeanguka chini. Madirisha yamepauka kwa baridi, nje jogoo mmoja anajaribu sauti na kuahirisha. Nikapapasa shingoni, ufunguo ulikuwepo. Nikajiambia kwamba ni kiazi cha usiku, nikavaa koti langu la kuagwa kazini na kwenda sebuleni kuwasubiri watu wangu wa chai kavu.

"Hodi!" ikasikika nje.

Mke wangu akaingia akitokea jikoni, amejitanda kanga juu ya sweta. "Baba Lustika, wamefika. Yupo mshenga, yupo shangazi, na kijana mwenyewe kasimama nyuma. Shangazi ana kikapu kimefunikwa kitambaa, na kitambaa kinatoa mvuke." Akameza mate, mwanamke wa watu. "Sasa ni chai kavu, kama ulivyosema?"

"Niitie kwanza Lustika."

Lustika akaja, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Akasimama mbali kidogo, mahali mtu anaposimama anapojua atakachoambiwa.

"Huyu kijana wa unga," nikasema. "Wewe mwenyewe unamtaka?"

Akainua macho. "Leo ndiyo unaniuliza, Baba?"

Yalikuwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya chini ya utando. Nywele zikanisimama mikononi, nikavuta mikono ya koti ziwe ndani.

"Leo," nikasema.

"Namtaka."

Mama yake alikuwa bado amesimama na mwiko, haelewi ashangae upande upi. Nikamwambia awakaribishe wageni sebuleni na awasogezee jiko la mkaa karibu na miguu. Kuhusu kitafunwa asihangaike, wamekuja nacho wenyewe. Chai ni yetu, itiwe maziwa na tangawizi ya kutosha, na vikombe nitavitoa mimi kwa mkono wangu, pamoja na visahani.

"Na visahani?" akauliza.

"Pale pembeni pana kazi yake."

Wakaingia, wanapukuta barafu kwenye viatu. Osmundi aliniamkia kwa kuinama, na pamoja na kunawa kote alikonawa, nyusi zilikuwa na unga. Mshenga akakohoa na kuanza salamu ndefu za ukoo. Nikamwomba radhi kidogo, nikaenda kwenye kabati, nikavua ufunguo shingoni, nikafungua.

Vikombe vilikuwa vimepangwa kama nilivyoviacha, vimenyamaza, na vumbi lake kila kimoja. Nikanyoosha mkono kuchukua kile chenye mstari wa dhahabu. Kilikuwa cha moto. Ndani yake, chini kabisa, kwenye mabaki ya chai ya maziwa, kilikuwa kimelala kipande cha skonzi kilicholoa.

Nikawapa wageni mgongo, nikakitoa kwa kidole, nikakila.

Chumvi ilikuwepo.